Majibu ya kipokezi huanzia kwenye kopo

Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa histolojia, hapa Moshi. Kazi yangu ni nyama. Kinachotolewa kwa mgonjwa kule thieta, kiwe kinyama cha sindano au titi zima, huishia mezani kwetu. Tunakikata vipande, tunakizamisha kwenye nta, tunachana utando wa mikromita tatu au nne, tunaupaka rangi, kisha mpatholojia anakaa kwenye hadubini na kuandika majibu. Mgonjwa mwenyewe ni nadra nimwone. Namjua kwa namba, kwa umri, kwa wilaya aliyotoka na, daktari akiwa amejaliwa mwandiko unaosomeka, kwa upande wa titi lenye uvimbe.

Ninaowaona ni ndugu zao, dirishani. Swali lao huwa lile lile: "Majibu si yalishatoka? Mmeshasema ni kansa, sasa mnapima nini tena?" Wana haki ya kuuliza. Wamelipia kipimo cha kwanza, wamesubiri, wamepokea habari asiyoitaka mtu yeyote, halafu daktari anawarudisha maabara na karatasi nyingine yenye herufi za ajabu: ER, PR, HER2. Kuna kaka mmoja wa Same, mama yake ndiye aliyekuwa mgonjwa, aliniambia waziwazi kwamba tumemwona wa kuja. Huyo nitamrudia, kwa sababu baadaye alifanya kazi ambayo sisi wenyewe tusingeweza kuifanya.

Kipimo cha kwanza kinasema ni kansa. Cha pili kinasema inaendeshwa na nini, na dawa inachaguliwa kutokana na hicho cha pili. Nikiwa dirishani sina muda wa kueleza zaidi ya hapo, foleni ipo. Kueleza vizuri nilijifunzia nyumbani, kwa mama yangu mdogo, Marangu, Krismasi moja ambayo ukoo mzima ulikuwa umepanda mlimani kama kawaida yetu Wachaga. Alikuwa ameshapasuliwa na kumaliza kemo, sasa anameza tamoksifeni, miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku. Tulikuwa jikoni, nyama na ndizi za mtori ziko motoni, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, wewe si uko huko huko kwa madaktari? Kemo ilininyonyoa nywele, ikanilaza kila nilipochomwa. Nikasema sawa, hii ni dawa. Haka kadonge hakanifanyi kitu, kananiletea joto tu usiku, naamka nimelowa. Kanatibu nini hasa?"

Nikamwuliza, "Mama mdogo, ukitoka Moshi mjini kurudi huku, ukakuta Hiace siti zote zina watu, unafanyaje?"

"Nasimama. Nitafanyaje?"

"Sasa chukulia kuna mtu amekaa kwenye siti na wala hana safari. Himo hashuki, Marangu Mtoni hashuki. Amekaa tu, na wewe mwenye safari umesimama."

Akanyamaza kidogo. "Basi huyo ndiye haka kadonge."

Ndiye huyo. Ndani ya kiini cha seli za titi kuna protini inayoitwa kipokezi cha estrojeni, ile ER ya kwenye karatasi. Estrojeni, homoni ya kike, ni kitu kidogo chenye asili ya mafuta, kinapenya ukuta wa seli bila kizuizi, kinaingia mpaka kwenye kiini na kukaa juu ya kipokezi. Kipokezi kikishakaliwa kinabadili umbo, viwili vinaungana, vinashika DNA mahali maalumu, na jeni zinazoamrisha seli igawanyike zinawashwa. Katika kansa nyingi za matiti mashine hii ndiyo inayosukuma uvimbe ukue. Tamoksifeni haipunguzi estrojeni iliyo kwenye damu. Inawahi nafasi yake. Tena inafanya na la ziada: ikishakaa inasukuma kijisehemu cha kipokezi kikae vibaya, ili protini saidizi zinazotakiwa kuja kujishikiza zikose pa kushika. Hilo la mwisho mama mdogo hakulihitaji, nakuachia wewe msomaji.

Yeye alikuwa mbele yangu tayari. "Na kansa isiyo na hiyo siti?"

"Kidonge kinakosa pa kukaa. Utameza miaka yote na hakitakusaidia."

"Kumbe mlikuwa mnahesabu siti zangu."

Tulikuwa tunahesabu, ndiyo. Nilichogundua siku ile ni kwamba alikuwa amebakiza kidogo aache dawa. Vidonge alivihesabu kuwa ni kitu cha kumalizia tu, wakati katika kansa yenye kipokezi ndicho kitu kizito. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba mwanamke mwenye kansa ya aina hiyo akimeza tamoksifeni kwa miaka 5, uwezekano wa kufa kwa kansa ya titi unapungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Mwaka 2013 matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa ATLAS yakaonyesha kwamba kuendelea hadi miaka 10 kunaongeza faida juu ya hiyo. Nilipoitaja miaka 10 alinipiga begani na mwiko, mtori ukanirukia.

Lile joto la usiku nalo lina maelezo. Kipokezi cha estrojeni hakiko kwenye titi peke yake. Kipo kwenye ubongo, sehemu inayopima joto la mwili, na huko dawa inaziba na mwili unachanganyikiwa. Kipo kwenye mifupa na kwenye mfuko wa uzazi, na huko dawa ile ile inageuka inafanya kazi ya estrojeni yenyewe, kwa sababu protini zinazokizunguka kipokezi ni nyingine. Ndiyo maana mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, mifupa yake inaweza kunufaika na dawa hii, lakini akiona damu ukeni asikae nayo nyumbani: hatari ya kansa ya mfuko wa uzazi inaongezeka, hata kama ni kwa wachache. Hatari ya damu kuganda mguuni nayo ipo. Nilimwuliza pia kama kuna dawa nyingine anazotumia, maana tamoksifeni inahitaji kimeng'enya fulani cha ini ili igeuzwe kuwa endoksifeni yenye nguvu, na baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, zinakizuia kimeng'enya hicho. Hakuwa nazo. Alikuwa na dawa ya presha na mzizi fulani aliopewa na jirani, ambao hakutaka kuniambia jina lake.

Nyuma ya jiko ng'ombe wake alikuwa analia bandani, nikakumbuka hadithi ninayoipenda kuliko zote za fani hii. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika katika jarida la Lancet kwamba ameondoa ovari za wanawake wenye kansa ya titi isiyoweza tena kupasuliwa, na uvimbe ukapungua. Wazo lilimjia kwa kusoma habari za unyonyeshaji, ikiwemo kwamba wafugaji wa nchi fulani walikuwa wakiondoa ovari za ng'ombe aliyezaa ili maziwa yasikatike. Estrojeni yenyewe ilikuwa haijulikani, ilikuja kutenganishwa mwaka 1929. Beatson alichoona ni kwamba kuna uzi kati ya ovari na titi, na kwamba ukiukata, baadhi ya wanawake wanapata nafuu. Baadhi tu. Wengine walipasuliwa bure, na hakuna aliyeweza kujua mapema nani ni nani.

Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 60. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago aliitia estrojeni alama ya hidrojeni yenye mionzi, akawapa panya, kisha akafuatilia imekwenda wapi. Misuli iliiachia. Mfuko wa uzazi uliing'ang'ania. Kwa hiyo huko kuna kitu kinachoishika. Kipokezi kikawa kimepatikana, na kipimo cha kuwachagua wagonjwa kikatokana na hapo.

Tamoksifeni nayo ilizaliwa kwa kazi nyingine kabisa. Mwanakemia Dora Richardson aliitengeneza mwaka 1962 katika kampuni ya ICI, Uingereza, kwa matumaini kwamba itakuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa wanawake ilifanya kinyume, ikachochea yai kutoka. Ingeweza kutupwa kabatini. Ilijaribiwa kwa kansa ya titi, Uingereza wakairuhusu mwaka 1973, Marekani mwaka 1977. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa. "Yaani nameza dawa ya uzazi wa mpango iliyofeli!"

Turudi maabara, kwenye mambo ambayo wagonjwa hawaambiwi.

Kipokezi ni protini, na protini huanza kuharibika dakika ile damu inapokoma kuingia kwenye kipande kilichokatwa. Kinachosimamisha uharibifu ni formalini. Miongozo inataka kipande kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Titi zima linatakiwa lichanjwe kwanza, kwa sababu formalini hupenya pole pole, karibu milimita moja kwa saa. Ukilitumbukiza bila kulichanja, nje linaiva na ndani linaoza huku umelala.

Sasa njoo uone tunavyoletewa. Makopo ya mayonesi. Ndoo ndogo za rangi. Titi limekunjwa kwa nguvu likaingia kwenye kopo lenye mdomo mwembamba, likakakamaa humo humo, na tukalazimika kulikata kopo kwa msumeno ili tulitoe. Vinyama vya sindano vilivyofungwa kwenye shashi kavu. Vingine kwenye maji ya chumvi, kwa sababu formalini iliisha na muuguzi wa zamu alihofia kinyama kisikauke. Vingine kwenye spiriti. Siwalaumu sana wauguzi hao. Hakuna aliyewaambia kwamba kopo ni sehemu ya tiba. Mzigo unapewa ndugu, anaupakata kwenye basi kutoka Rombo au Mwanga, akikuta tumefunga analala nao kwa jamaa yake Majengo au Pasua mpaka Jumatatu.

Titi la mama wa yule kaka wa Same lilikuja namna hiyo kutoka hospitali moja ya pembezoni. Lilikatwa Ijumaa, likatufikia Jumatatu. Nilipofungua kifuniko macho hayakuwasha. Mtu wa histolojia anajua maana yake: formalini halisi inakuchoma pua na macho kabla hujainama. Ile ilikuwa maji tu yenye harufu kwa mbali. Tukaandika hali ya sampuli kwenye daftari na kuendelea na kazi.

Upakaji wa vipokezi ni kazi ya siku nzima. Formalini hiyo hiyo inayohifadhi protini huzifunga pia, kiasi kwamba kingamwili tunachokitumia kukitafuta kipokezi hakiwezi kukiona. Ni mwaka 1991 ndipo Shi na wenzake walipoonyesha kwamba ukiichemsha slaidi kwenye kimiminika maalumu, mafundo yanafunguka. Kwa hiyo tunazipika slaidi, kwa joto la digrii 95 na kidogo, kama dakika 20. Hapa Moshi tuko juu, maji yanachemka karibu na digrii 97, hivyo nafasi ya kukosea ni finyu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Zikishapoa tunaweka kingamwili, kisha kemikali inayotoa rangi ya kahawia pale kingamwili kilipong'ang'ania, mwishoni tunapaka bluu ili seli zote zionekane. Kiini cha kahawia kina kipokezi, cha bluu hakina. Asilimia 1 tu ya viini vya kansa ikiwa ya kahawia, jibu ni chanya. Tangu 2020 walio kati ya asilimia 1 na 10 wanaandikwa kuwa chanya kwa kiwango cha chini, kwa sababu haijulikani vizuri kama kidonge kinawasaidia sawasawa na wengine.

Slaidi ya mama wa Same ilikuwa bluu tupu. Kijana aliyekuwa mafunzoni kwetu akaandika "hasi" kwenye rasimu na kuiweka kwenye trei. Mpatholojia wetu, mama mmoja asiye na haraka hata siku ya mshahara, aliiweka slaidi kwenye hadubini, akaisukuma mpaka ukingoni mwa kipande, akamwita yule kijana.

"Hivi ni nini?"

"Mirija ya kawaida ya titi, daktari. Haina kansa."

"Ina rangi gani?"

"Bluu."

"Yote?"

Kijana akaelewa. Mirija ya titi lisilo na kansa lazima iwe na seli kadhaa za kahawia, kwa sababu titi la kawaida lina vipokezi. Slaidi ya kulinganishia tuliyopika siku ile ile ilikuwa na kahawia safi, kwa hiyo kemikali hazikuwa na tatizo. Kilichokufa ni kipande chenyewe, kilikufa kwenye lile kopo. Ripoti ikatoka ikisema sampuli haifai kutafsiriwa, iletwe nyingine.

Iletwe kutoka wapi? Titi lote lilikuwa limeshaondolewa. Hapo ndipo kaka yule aliposema tumemwona wa kuja, tumekula hela yake halafu tunamwambia hakuna jibu. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha nikamwuliza swali ambalo siku hizi namwuliza kila ndugu: kabla ya upasuaji, mama alichomwa sindano ya kuchukua kinyama? Ndiyo, Arusha, miezi ya nyuma, alipokwenda kwa dada yake. Karatasi ya majibu unayo? Alikuwa nayo, kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne.

Watu wengi hawajui kwamba kinyama hakitupwi. Kikishazamishwa kwenye nta kinakuwa bloku, kibonge kidogo unachoweza kukificha kiganjani, na maabara hukitunza kwa miaka. Ni mali ya matibabu ya mgonjwa. Daktari wake akiandika barua, kinaweza kuazimwa. Tukaandika barua. Kaka akapanda basi kwenda Arusha, kilomita 80 na kitu, akarudi jioni ile ile na bloku kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwenye tishu, mkono juu yake muda wote. Alitukabidhi bila kusalimia.

Kile kinyama kilikuwa chembamba, na cha sindano huwa kinaingia kwenye formalini dakika ile ile kinapotoka, nayo inapenya yote. Tulipokipika na kukipaka, zaidi ya nusu ya viini vya kansa vilikuwa vya kahawia iliyokolea. Mirija ya kawaida nayo kahawia. Mwanamke ambaye angeandikwa hasi na kunyimwa kidonge ambacho ni kati ya dawa za kansa za bei rahisi, akaanza kidonge.

Nisieleweke kwamba kila bluu ni kopo bovu. Haikupita muda mrefu tukapata sampuli ya dada mmoja wa Arusha, umri wake haujafika 35, kipande kimechanjwa vizuri, formalini ya kutosha, saa zimeandikwa. Mirija ya kawaida ilikuwa kahawia. Kansa yenyewe bluu kwa estrojeni, bluu kwa projesteroni, ile PR, na HER2 sifuri. Tulirudia kwa sababu ya umri wake tu, ikatoka vile vile. Kansa ya namna hii, iliyo hasi kwa vipimo vyote vitatu, tunaiita hasi tatu, na inawapata zaidi wanawake weusi, na zaidi wakiwa bado vijana. Kwake hakuna kidonge cha homoni wala sindano ya HER2. Upasuaji, kemo na mionzi ndivyo vilivyokuwa mbele yake. Siku hiyo mpatholojia alisaini ripoti bila kusema neno, akaenda kununua chai.

Ninachopinga ni kuchanganya hayo mawili. Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba tafiti zilizotumia bloku za zamani kutoka makabatini zilipata vipokezi vya estrojeni kwa wagonjwa wachache kuliko zile zilizokusanya sampuli kwa kuangalia tangu mwanzo. Maana yake sehemu ya ule usemi kwamba kansa ya Mwafrika haina vipokezi imetokana na makopo. Nimewahi kumsikia daktari kijana akisema hapimi ER kwa wagonjwa wake kwa vile "wengi wetu ni hasi, tunapoteza hela". Nilipandwa na hasira. Wanawake wengi wa Afrika wenye kansa ya titi wana kipokezi. Wanachokosa ni formalini.

HER2 ni habari nyingine, na nitaisema kwa kifupi. Hicho ni kipokezi cha kwenye ukuta wa seli, si cha kwenye kiini, kwa hiyo kahawia yake inaonekana ikiizunguka seli. Kwenye kansa moja kati ya tano au sita jeni yake imejirudufu mno na vipokezi vimejaa ukutani kupita kiasi. Dennis Slamon na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba wagonjwa hao walikuwa na hali mbaya zaidi. Mwaka 1998 Marekani wakaruhusu trastuzumabu, na kansa iliyokuwa ikiogopwa ikawa na dawa yake. Kinachonifurahisha mimi mtu wa maabara ni kwamba dawa hiyo ni kingamwili. Kitu cha jamii ile ile ninachokidondosha kwenye slaidi kutafuta kipokezi, kikitengenezwa kwa namna ya kukubalika na mwili wa binadamu, kinaingia mshipani na kukikamata kipokezi hicho hicho. Huchomwa kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja, na moyo lazima upimwe kwa sababu unaweza kulegea.

Bei ndiyo mwiba. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha toleo la kwanza lililotengenezwa na kampuni nyingine, jambo lililoshusha bei mahali pengi. Bado familia nyingi zinazofika dirishani kwangu haziiwezi bila bima au msaada. Kwa hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: hela ikiwa ya kipimo kimoja tu, pima kipokezi cha estrojeni. Jibu lake likiwa chanya lina dawa ambayo mama wa kijijini anaweza kuipata. Wenzangu wanasema HER2 ikijulikana angalau mgonjwa anaweza kutafutiwa msaada, au kuingizwa kwenye utafiti. Wana hoja, na kwa mwenye uwezo napima zote tatu. Tena mwaka 2022 lilichapishwa jaribio lililoonyesha kwamba dawa mpya zaidi, trastuzumabu deruksitekani, inawasaidia hata wenye HER2 ya kiwango cha chini, wale tuliokuwa tunawaandika hasi bila kufikiri mara mbili. Tangu hapo mpatholojia wetu hataki kusikia "hasi" peke yake kwenye HER2. Anataka uandike kama alama yake ni sifuri au moja.

Wanaume nao wapo. Mzee mmoja wa Machame alikuja mwenyewe kuulizia majibu, koti limefungwa vifungo vyote na jua la saa nane. Nilimwamkia, nikamwelekeza kwa daktari. Alikuwa ameficha kidonda kile kwa muda mrefu akiona aibu kuwa na ugonjwa wa wanawake. Kansa ya titi kwa wanaume ni nadra, kama asilimia 1 ya zote, na nyingi zake zina kipokezi cha estrojeni. Yake ilikuwa kahawia karibu yote. Alipewa kidonge kile kile anachomeza mama yangu mdogo.

Baada ya sakata la Same tulikaa kikao na kuamua kuacha kulalamika. Sasa tunajaza formalini wenyewe kwenye makopo yenye mdomo mpana, tunayabandika lebo, na kuyatuma kwa mabasi kwenye hospitali zinazotuletea sampuli. Makondakta walilalamika harufu. Tukaanza kufunga kila kopo kwenye mifuko miwili. Kwenye fomu tumeongeza mistari miwili: saa kipande kilipokatwa, na saa kilipoingia kwenye formalini. Wengi waliiacha wazi mwanzoni. Wengine waliandika saa moja ile ile juu na chini kwa wagonjwa wote wa wiki nzima, wino ule ule. Kuna muuguzi mmoja wa wodi ya upasuaji, hospitali ya mlimani, anayeandika mpaka dakika, na kama walichelewa anaandika kwa nini: daktari aliitwa kwa uzazi, funguo za stoo hazikuonekana. Fomu zake tunazitumia kufundishia. Zile zinazokuja na mistari mitupu napiga simu kabla sijafungua kopo, na kama anayepokea hajui saa, namwomba anitafutie aliyekuwa zamu.